Zabbix imegoma kusasishwa: tafuta palipokwama kabla ya kurudia amri

Seva ya Zabbix, programu ya kufuatilia hali ya vifaa vya mtandao, ikikwama katikati ya kusasishwa, mtandao wenyewe hauzimiki. Ruta na swichi zinaendelea kupitisha data kama kawaida. Kilichopotea kwa muda ni uwezo wako wa kuziona. Kwa hiyo muda wa kutafuta chanzo upo. Hifadhidata nyingi zinazoharibika hapa huharibika baada ya kosa la kwanza, pale mtu anaporudia amri ileile mara nne au tano akitumaini safari hii itapita.

Mwongozo huu unahusu kuhama kutoka toleo la 5.0 kwenda 6.0 au 7.0, kwenye Ubuntu au Debian, hifadhidata ikiwa MySQL au MariaDB. Toleo la 5.0 lilitoka Mei 2020 na msaada wake wa miaka mitano umekwisha Mei 2025, la 6.0 lina msaada hadi Februari 2027, na la 7.0, lililotoka Juni 2024, litafika Juni 2029. Si lazima upitie 6.0 ili ufike 7.0. Zabbix inaruhusu kuruka moja kwa moja, hata kutoka matoleo ya zamani zaidi ya 5.0.

Kwanza hakikisha kweli imekwama

Sasisho la hifadhidata linaweza kuchukua dakika tatu au saa sita, kutegemea ukubwa wa majedwali ya historia. Fungua logi:

`tail -f /var/log/zabbix/zabbix_server.log`

Mambo yakienda sawa utaona mstari wa `starting automatic database upgrade`, kisha asilimia zinapanda, `completed 12% of database upgrade` na kuendelea, hadi `database upgrade fully completed`. Asilimia zikisimama kwa muda mrefu bila mstari wowote wa kosa, usizime chochote. Ingia kwenye MySQL uulize inafanya nini:

`SHOW FULL PROCESSLIST;`

Ukikuta `ALTER TABLE` inaendelea, seva inafanya kazi. Jedwali lenye mamilioni ya safu mlalo linaandikwa upya, na asilimia hazitasogea mpaka limalizike. Iache. Ukiiua katikati, utakuwa umejitengenezea tatizo ambalo halikuwepo.

Ukiona `database upgrade failed`, au makosa yanayojirudia, basi imekwama kweli. Hapo simamisha huduma mara moja:

`systemctl stop zabbix-server`

Usiiruke hatua hii. Huduma ya Zabbix imepangwa kujiwasha yenyewe kila inapoanguka, baada ya sekunde chache tu. Kila ikijiwasha inajaribu tena sasisho na kuandika makosa mapya, ambayo mara nyingi ni tofauti na lile la kwanza. Ukirudi baada ya nusu saa utakuta mamia ya mistari ya `Duplicate column name`, nawe utahangaika na safu wima zilizojirudia, wakati chanzo kilikuwa diski iliyojaa na kiliandikwa mara moja tu huko juu. Soma kosa la kwanza. La mwisho halikusaidii.

`grep -nE 'Z3001|Z3005|upgrade|unsupported|cannot' /var/log/zabbix/zabbix_server.log | less`

Tafuta mstari wa `starting automatic database upgrade` wa mwanzo kabisa, kisha soma kinachofuata. Z3001 maana yake seva imeshindwa kuingia kwenye hifadhidata. Z3005 maana yake imeingia, lakini ombi fulani limekataliwa. Namba ndani ya mabano ya mraba inayofuata, kama 1045 au 1419, ni ya MySQL yenyewe, na ndiyo itakayokuambia uende wapi.

Vifurushi havijaingia, au vimeingia nusu

Tazama kilichomo kwenye mashine:

`dpkg -l 'zabbix*'`

Herufi mbili za mwanzo wa kila mstari ziwe `ii`. Ukiona `iU` au `iF`, kifurushi kimefunguliwa lakini hakijapangwa, na kwa kawaida sababu ni muunganisho wa SSH uliokatika wakati apt inaendelea. Amri ya kumalizia ni `dpkg --configure -a`, kisha `apt -f install`. Kuanzia sasa endesha kazi hizi ndani ya `tmux` au `screen`, ili laini ikikatika kazi iendelee kule kwenye seva na wewe uungane nayo ukirudi.

Ukiona mchanganyiko, kwa mfano `zabbix-server-mysql` ni 6.0 na `zabbix-frontend-php` bado ni 5.0, apt imekizuia kifurushi kimoja bila kelele na kukiorodhesha chini ya `The following packages have been kept back`. Ilazimishe itaje sababu:

`apt install --only-upgrade zabbix-server-mysql zabbix-frontend-php`

Sasa itakutajia kinachokosekana. Kwa wanaokwenda 7.0, mara nyingi ni PHP, kwa sababu 7.0 inataka PHP 8.0 au zaidi, na Ubuntu 20.04 na Debian 11 zote zinakuja na 7.4. Hakuna njia ya mkato yenye afya hapo. Sasisha mfumo wa uendeshaji kwanza, Zabbix baadaye.

Makosa ya upakuaji yenyewe yana sura tatu. `NO_PUBKEY` au `EXPKEYSIG` inatokana na ufunguo wa sahihi uliopitwa na wakati. Pakua kifurushi kipya cha `zabbix-release` kinacholingana na toleo la Ubuntu au Debian ulilonalo, kiweke kwa `dpkg -i`, kisha `apt update`. `Hash Sum mismatch` au `File has unexpected size` kwa kawaida huletwa na proksi ya ofisini au ya mtoa huduma inayotoa nakala ya zamani ya orodha. Futa orodha na uagize upya bila kache:

`rm -rf /var/lib/apt/lists/*`
`apt -o Acquire::http::No-Cache=True update`

Ya tatu ni `Release file is not valid yet`. Hapa saa ya seva iko nyuma. Inatokea sana kwenye mashine ambazo betri yake ya ubao mama, ile ndogo ya CR2032, imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika saa inarudi nyuma. Tazama kwa `timedatectl`, washa usawazishaji kwa `timedatectl set-ntp true`, na badilisha betri. Usiende mbele saa ikiwa mbovu, kwa sababu hata grafu zako zitaandikwa kwenye siku zisizo sahihi.

Kama intaneti ni ya kusuasua, tenganisha kupakua na kusakinisha. Mchana, huku seva ikiendelea na kazi:

`apt-get install --download-only --only-upgrade zabbix-server-mysql zabbix-frontend-php zabbix-agent`

Usiku unasakinisha kutoka kwenye diski, na intaneti haina tena nafasi ya kukuangusha.

Swali la faili la mipangilio

Katikati ya usakinishaji dpkg husimama na kuuliza kama ubaki na `/etc/zabbix/zabbix_server.conf` yako au uchukue mpya. Jibu sahihi ni N, ambalo pia ndilo unalopata ukibonyeza Enter tu. Aliyebonyeza Y kwa haraka atakutana na hili:

`[Z3001] connection to database 'zabbix' failed: [1045] Access denied for user 'zabbix'@'localhost' (using password: NO)`

Neno la kutazama ni la mwisho. `NO` maana yake seva haikutuma nenosiri lolote, kwa hiyo mstari wa `DBPassword` haupo kwenye faili. Ingekuwa `YES`, nenosiri lingekuwepo lakini lisilo sahihi. Faili lako la zamani halijapotea. Liko palepale likiwa na mwisho wa `.dpkg-old`. Linganisha:

`diff /etc/zabbix/zabbix_server.conf.dpkg-old /etc/zabbix/zabbix_server.conf`

Rudisha `DBPassword`, `CacheSize`, idadi ya michakato ya kuuliza vifaa, na njia za skripti za nje. Usirudishe faili zima bila kulisoma, maana kigezo kilichofutwa kwenye toleo jipya kinaweza kuizuia seva kuwaka. Ikitokea hivyo logi au `journalctl -u zabbix-server` itakitaja kwa jina na namba ya mstari.

Hifadhidata: hapa ndipo kazi ilipo

Sehemu kubwa ya masasisho yanayoshindwa hushindwa hapa, na karibu yote yangeweza kuonekana kabla ya kuanza.

*Toleo la hifadhidata ni la zamani.* Kuanzia 6.0, Zabbix hukataa kuwaka ikikuta hifadhidata isiyoikubali. Inataka MariaDB 10.5 au zaidi, au MySQL 8.0. Kwa 7.0, MySQL iwe angalau 8.0.30. Ubuntu 20.04 ina MariaDB 10.3, na Debian 10 pia. Ndiyo maana seva iliyofanya kazi vizuri miaka minne na Zabbix 5.0 inakataa ghafla, na logi inasema `unsupported MariaDB database version`. Logi hiyohiyo inakupendekezea `AllowUnsupportedDBVersions=1`. Kigezo hicho kinafaa kwa dharura ya usiku mmoja, ili uone vifaa vyako mpaka asubuhi. Kukiacha humo miezi ni kujenga juu ya msingi ambao wenye programu hawaujaribu.

Njia safi kwa aliye na Ubuntu 20.04 ni hii: simamisha Zabbix na uizuie isijiwashe kwa `systemctl disable --now zabbix-server`, chukua nakala rudufu, panda hadi Ubuntu 22.04 kwa `do-release-upgrade`, na huko utapata MariaDB 10.6 na PHP 8.1 kwa pamoja. Zote mbili zinatosha kwa 6.0 na kwa 7.0. Kumbuka kwamba `do-release-upgrade` huzima hazina zote za nje, ikiwemo ya Zabbix, kwa hiyo weka upya `zabbix-release` ya 22.04. Kiolesura cha wavuti cha 5.0 hakiendani na PHP 8, kwa hiyo katikati ya safari kitavunjika. Usikihangaikie, kitarudi ukishaweka toleo jipya. Ukimaliza endesha `mariadb-upgrade` ili majedwali ya ndani ya MariaDB yalingane na toleo lake.

Onyo moja kwa anayebadilisha MariaDB kwa mkono: tumia `apt remove`, usitumie `apt purge`. Purge itakuuliza kama ifute data zote zilizomo `/var/lib/mysql`, na jibu la haraka hapo halirudishiki.

*Kosa la 1419.* Kwenye MySQL 8.0 utaona hivi:

`[Z3005] query failed: [1419] You do not have the SUPER privilege and binary logging is enabled`

Zabbix inajaribu kuunda triga, yaani amri inayojiendesha data inapobadilika, ndani ya hifadhidata. MySQL 8.0 imewasha logi ya jozi (binary log) bila kuambiwa, na ikiwa hivyo inamkatalia mtumiaji wa kawaida kuunda triga. MariaDB haiiwashi isipoagizwa, kwa hiyo watumiaji wake hawalioni kosa hili sana. Ingia kama root:

`SET GLOBAL log_bin_trust_function_creators = 1;`

Washa Zabbix, subiri `database upgrade fully completed`, kisha rudisha:

`SET GLOBAL log_bin_trust_function_creators = 0;`

Hili ni mojawapo ya makosa machache ambayo kwa kawaida unaweza kuendelea pale ulipoishia bila kurejesha nakala. Kilichokataliwa ni kuunda triga tu.

*Makosa ya 1118 na 1709.* `Row size too large`, au `Index column size too large. The maximum column size is 767 bytes`. Haya huwapata wenye hifadhidata kongwe, zilizoanza maisha yake kwenye MySQL 5.5 au 5.6 na kuhamishwa toka mashine hadi mashine. Majedwali yake bado yana mpangilio wa zamani wa safu mlalo, COMPACT, wakati matoleo mapya hutumia DYNAMIC. Yatafute:

`SELECT TABLE_NAME, ROW_FORMAT FROM information_schema.TABLES WHERE TABLE_SCHEMA='zabbix' AND ROW_FORMAT IN ('Compact','Redundant');`

Kila linalotokea ulibadilishe, Zabbix ikiwa imezimwa:

`ALTER TABLE zabbix.items ROW_FORMAT=DYNAMIC;`

Weka jina la jedwali husika badala ya `items`. Anza na madogo. Majedwali ya historia yaache mpaka uhakikishe diski ina nafasi, kwa sababu kubadilisha ni kuandika jedwali zima upya.

*Seti ya herufi.* Ukiambiwa hifadhidata ina `latin1`, iliundwa bila kutajiwa seti ya herufi. Zabbix inataka `utf8` au `utf8mb4`, na mpangilio wake (collation) uwe `utf8_bin` au `utf8mb4_bin`. Kubadilisha chaguo-msingi la hifadhidata pekee hakugusi majedwali yaliyomo. Kila jedwali nalo libadilishwe kwa `CONVERT TO CHARACTER SET utf8mb4 COLLATE utf8mb4_bin`. Fanya kazi hii siku nyingine, kabla ya sasisho. Kuchanganya mambo mawili makubwa usiku mmoja ni kujinyima njia ya kujua kipi kimeharibu nini.

*Diski.* `No space left on device`, au kosa la 1114 lisemalo jedwali limejaa. MySQL inapobadilisha muundo wa jedwali, mara nyingi huandika nakala mpya pembeni kisha huitupa ya zamani. Kwa hiyo unahitaji nafasi tupu inayozidi jedwali lako kubwa kuliko yote, na hiyo ni mbali na nafasi ya nakala rudufu. Pima:

`SELECT TABLE_NAME, ROUND((DATA_LENGTH+INDEX_LENGTH)/1073741824,1) AS GB FROM information_schema.TABLES WHERE TABLE_SCHEMA='zabbix' ORDER BY GB DESC LIMIT 10;`

Kwa kawaida `history_uint` ndiyo inaongoza, ikifuatiwa na `history` au `trends_uint`. Ikiwa jedwali kubwa ni GB 40 na diski ina GB 25 tupu, usianze. Tazama pia `df -i`, kwani diski inaweza kuwa na nafasi lakini imeishiwa namba za mafaili. Nafuu ya haraka ni `apt clean` na `journalctl --vacuum-size=200M`, ila hizo hutoa GB chache tu. Suluhisho la kweli ni diski kubwa zaidi, au kupunguza siku za historia wiki kadhaa kabla. Nako kupunguza siku hakurudishi nafasi kwenye diski papo hapo: safu mlalo zinafutwa, faili linabaki na ukubwa uleule mpaka jedwali liandikwe upya.

*Kundi la seva.* Ukitumia uwezo wa seva mbili zinazopokezana ulioanza na 6.0, sasisho kubwa litakataa kuanza zikiwa katika hali hiyo. Zima seva zote, weka alama ya `#` mbele ya `HANodeName` kwenye moja, iwashe peke yake imalize hifadhidata, kisha rudisha mstari na uwashe nyingine ikiwa tayari na vifurushi vipya.

Hifadhidata imebaki nusu: rejesha, usishone viraka

MySQL na MariaDB haziwezi kurudisha nyuma mabadiliko ya muundo wa majedwali yakikatika katikati. PostgreSQL inaweza, na hiyo ni sababu nzuri ya kuifikiria kwa seva mpya. Kwa hiyo sasisho likifa baada ya kuongeza safu wima lakini kabla ya kuandika kwamba limeiongeza, jaribio linalofuata litaiongeza tena na kupata 1060, `Duplicate column name`, au 1050, jedwali lipo tayari.

Hatua iliyofikiwa imeandikwa kwenye jedwali dogo:

`SELECT mandatory, optional FROM zabbix.dbversion;`

Ushauri wa kubadilisha namba hizo kwa mkono ili seva iruke hatua iliyokwama unasambaa sana. Usiufuate. Seva itawaka, ndiyo, lakini utakuwa na hifadhidata ambayo muundo wake haulingani na toleo lolote, na sasisho la mwaka ujao litakwama mahali ambapo hakuna atakayeweza kukusaidia. Rejesha nakala.

Kabla ya kufuta chochote, hakikisha nakala ni nzima:

`gzip -t zabbix-kabla.sql.gz && zcat zabbix-kabla.sql.gz | tail -1`

Mstari wa mwisho uanze na `-- Dump completed`. Usipouona, nakala ilikatika njiani na haifai. Hapo kilichobaki ni hifadhidata yenyewe iliyo nusu, basi inakili jinsi ilivyo kabla ya jaribio lolote. Ukiuona:

`mysql -e "DROP DATABASE zabbix; CREATE DATABASE zabbix CHARACTER SET utf8mb4 COLLATE utf8mb4_bin;"`
`zcat zabbix-kabla.sql.gz | mysql zabbix`

Ruhusa za mtumiaji `zabbix` hazifutiki kwa kufuta hifadhidata, kwa hiyo huna haja ya kuzitoa upya. Sasa una njia mbili: rekebisha chanzo kisha ujaribu sasisho tena juu ya hifadhidata safi, au rudisha vifurushi vya zamani. Kwa njia ya pili, elekeza `zabbix-release` kwenye 5.0, tazama matoleo yaliyopo kwa `apt-cache policy zabbix-server-mysql`, sakinisha kwa kutaja namba kamili, na uyafunge kwa `apt-mark hold` ili yasipande tena usiku.

Nakala yenyewe huchukuliwa hivi, Zabbix ikiwa imezimwa:

`mysqldump --single-transaction --quick --routines --triggers zabbix | gzip > zabbix-kabla.sql.gz`

Ongeza `/etc/zabbix` na `/usr/lib/zabbix`, ambako ndiko skripti za tahadhari na skripti za nje hukaa. Ikiwa seva ni mashine pepe, snapshoti iliyochukuliwa ikiwa imezimwa kabisa ni ya haraka zaidi kurejesha, lakini usiifanye kuwa nakala pekee. Hifadhidata ikiwa kubwa mno kwa usiku mmoja, toa muundo wa kila kitu na data ya kila kitu isipokuwa majedwali saba: `history`, `history_uint`, `history_str`, `history_text`, `history_log`, `trends` na `trends_uint`, kwa kutumia `--ignore-table`. Utapoteza grafu za zamani, lakini vifaa, violezo, watumiaji na ramani vitabaki. Ukilazimika kuchagua, hivyo ndivyo vilivyogharimu jasho.

Seva inawaka, ukurasa haufunguki

`The Zabbix database version does not match current requirements` kwenye kivinjari inamaanisha kiolesura ni kipya na hifadhidata ni ya zamani, au kinyume chake. Mara nyingi sasisho la hifadhidata bado linaendelea. Rudi kwenye logi.

Ukiona msimbo wa PHP umemwagika kama maandishi, Apache imepoteza moduli yake baada ya mfumo kupanda toleo: `a2dismod php7.4`, `a2enmod php8.1`, kisha washa upya Apache. Ukiona ukurasa wa kukaribisha wa Nginx au Apache badala ya Zabbix, kifurushi cha mipangilio, `zabbix-apache-conf` au `zabbix-nginx-conf`, hakipo. Na ukurasa ukifunguka lakini unaonekana umepinda, futa kache ya kivinjari kabla ya kuhangaika na seva.

Kwa wenye AlmaLinux, Rocky au RHEL

Mambo mawili yanawapata wao peke yao. Hazina ya EPEL ina vifurushi vyake vya Zabbix, na dnf huweza kuvichanganya na vile rasmi. Weka `excludepkgs=zabbix*` chini ya sehemu ya `[epel]` kwenye `/etc/yum.repos.d/epel.repo`. La pili ni SELinux, ulinzi wa ndani wa Linux unaozuia programu kufanya zisichoruhusiwa: seva inaanguka ikilalamika kuwa imenyimwa ruhusa ya kufungua soketi ndani ya `/var/run/zabbix`. Thibitisha kwa `ausearch -m avc -ts recent`, kisha sakinisha `zabbix-selinux-policy`. Kuzima SELinux nzima kwa ajili ya soketi moja ni bei kubwa mno kwa mashine inayoshika nywila za SNMP za mtandao wote. Mafaili ya mipangilio kwao huishia na `.rpmnew` au `.rpmsave`.

Imepita, lakini tazama haya kabla hujalala

Proksi za Zabbix zilizoko matawini, zile zinazokusanya data huko na kuituma kwa seva kuu, lazima ziwe na toleo kuu lilelile la seva ukienda 6.0, zilizobaki 5.0 hazitaleta data. Zinazotumia SQLite haziwezi kusasisha hifadhidata yake kwenda 6.0: zima proksi, futa faili la hifadhidata, iwashe, nayo itaunda jipya. Data iliyokuwa inasubiri kutumwa itapotea, kwa hiyo iache itume kila kitu kabla seva haijazimwa. Mawakala wa zamani (zabbix-agent) kwenye vifaa waache kama walivyo. Seva mpya inawasikiliza bila shida, na kuwagusa usiku huohuo ni kuongeza mahali pa kukosea.

Skripti zako mwenyewe zinazoingia kupitia API ni chanzo cha simu za asubuhi. Ombi la `user.login` lilibadilisha jina la kigezo `user` kuwa `username` katika 5.4, na jina la zamani likaondolewa katika 6.4. Ukienda 7.0, skripti ya ripoti iliyoandikwa enzi za 5.0 itakataliwa na ujumbe wa `unexpected parameter "user"`.

Mwisho, tuma tahadhari ya majaribio hadi ifike kwenye simu, si kwenye skrini ya Zabbix tu, kisha fungua ukurasa wa foleni kwenye menyu ya usimamizi. Dakika kumi za kwanza foleni hujaa, hilo ni la kawaida. Ikiwa baada ya nusu saa bado kuna vipengele vingi vilivyochelewa zaidi ya dakika kumi, tafuta kwenye logi `please increase CacheSize`, ongeza thamani yake, na uwashe seva upya.